Kura za Saa ya Kwanza: Jinsi Maudhui Bora Yanavyopanda au Kuzama kwenye Tovuti za Habari za Kijamii

Imani kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza ndiyo msingi wa tovuti za habari za kijamii. Katika tovuti hizo hakuna mhariri anayeamua habari ipi ipewe ukurasa wa mbele: wasomaji wenyewe huleta viungo, yaani anwani za kurasa za mtandaoni, wasomaji wenyewe hupiga kura za kupandisha au kushusha, na mpangilio wa ukurasa hutokana na hesabu ya kura hizo. Slashdot, iliyoanza mwaka 1997, bado ilikuwa na wahariri waliochagua habari, ila iliwapa wasomaji mamlaka ya kupima maoni ya wenzao kwa alama kuanzia -1 hadi 5. Digg ilipozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2004, ikafuatwa na Reddit mwezi Juni 2005 na Hacker News mwezi Februari 2007, karibu kazi yote ya uhariri ilihamishiwa kwa umati. Ahadi ilikuwa kwamba watu wengi wakipima pamoja, kilicho bora kitajipandia chenyewe.

Ahadi hiyo imetimia nusu. Ubora una nguvu kwenye tovuti hizi, tena nguvu kubwa, lakini si ile ambayo waandishi wengi huitegemea. Huzuia makala mbovu kabisa isitawale kwa muda mrefu, na huilinda makala nzuri sana isidharauliwe na watu walioisoma. Kati ya miisho hiyo miwili pana uwanja mpana sana, na humo kinachoamua ni kura chache za mwanzo, zinazopigwa na watu wachache, ndani ya muda mfupi. Mwandishi anayeshangaa kwa nini kazi yake ya wiki nzima ilipata kura tatu, huku picha yenye maneno mawili ikipata elfu kadhaa, hana budi kuanza kwa kuangalia jinsi muda unavyohesabiwa.

Kanuni ya msingi ya Hacker News, kama ilivyotangazwa na waliojenga tovuti hiyo, ni fupi. Idadi ya kura hupunguzwa moja, kwa sababu ile ya kwanza ni ya mtu aliyeleta kiungo, kisha matokeo hugawanywa kwa umri wa chapisho. Umri huo huhesabiwa kwa saa, huongezwa 2, na hupandishwa kwa kipeo cha 1.8. Tuchukue machapisho mawili. La kwanza lina kura 10 na umri wa saa moja: 9 ikigawanywa kwa 3 iliyopandishwa kwa kipeo hicho hutoa takriban 1.25. La pili lina kura 100 na umri wa saa 12: 99 ikigawanywa kwa 14 iliyopandishwa vivyo hivyo hutoa takriban 0.86. Kwa hiyo chapisho lenye kura 10 hukaa juu ya lile lenye kura 100, wala hakuna aliyedanganya. Kwa vitendo yapo marekebisho mengine yanayoingizwa juu ya kanuni hii, lakini mwelekeo wake ndio huo: umri humeza kura, na kadiri saa zinavyosonga kila kura mpya huwa na uzito mdogo zaidi.

Reddit ilifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Programu yake ilikuwa wazi kwa umma kati ya mwaka 2008 na 2017, hivyo kanuni yake ya zamani inajulikana vizuri. Kura za kushusha hutolewa kutoka kura za kupandisha, tofauti yake huwekwa katika logarithimu ya kizio cha 10, halafu chapisho huongezewa alama kulingana na upya wake, pointi moja kwa kila sekunde 45,000, yaani saa 12 na nusu. Logarithimu hiyo ina maana ambayo ni rahisi kuipuuza. Kupanda kutoka kura 1 hadi 10 huleta faida sawa na kupanda kutoka 10 hadi 100, ambayo nayo ni sawa na kupanda kutoka 100 hadi 1,000. Mtu aliyepiga kura ya tano amelisukuma chapisho kuliko yeyote kati ya mamia ya watu watakaokuja baada yake. Tunapozungumzia sauti ya umati, basi, tunazungumzia kitu kisichogawanywa sawa: wachache waliotangulia hushika usukani, na waliobaki huthibitisha kilichokwisha kuamuliwa.

Wachache hao ni nani? Machapisho mapya huingia kwanza kwenye ukurasa wa mapya, ambao haujachujwa, na watu wengi hawaendi huko. Hufungua ukurasa wa mbele, husoma kilichokwisha kupanda, na huondoka. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya za mtandaoni takriban asilimia 90 ya watu hutazama tu, asilimia 9 huchangia kidogo, na asilimia 1 ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Hizo ni namba za kukadiria na hutofautiana baina ya tovuti na tovuti, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye ukurasa wa mapya ataitambua sura yake. Kuchambua machapisho mapya ni kazi isiyo na malipo wala sifa. Kila mtu hunufaika ikifanywa na kila mtu huona afadhali afanye mwenzake.

Matokeo ya uvivu huo yamepimwa. Mwaka 2013 mtafiti Eric Gilbert alichunguza viungo vilivyopata umaarufu mkubwa Reddit, akaangalia kama vilikuwa vimewahi kuletwa kabla ya hapo. Aligundua kwamba asilimia 52 ya viungo hivyo vilipuuzwa mara ya kwanza vilipowekwa. Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa kwa utulivu. Maudhui ni yale yale, tovuti ni ile ile, na hadhira kwa jumla haikubadilika sana, lakini mara ya kwanza kiungo kilizama na mara nyingine kikapanda kileleni. Kama ubora peke yake ndio ungekuwa unaamua, jambo hilo lingekuwa nadra.

Jaribio lililoanika suala hili waziwazi kuliko yote halikufanywa kwenye tovuti ya habari, lilifanywa kwenye muziki. Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha mwaka 2006 matokeo ya utafiti uliowahusisha washiriki 14,341, waliosikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana na kupakua walizozipenda. Kundi moja halikuonyeshwa chochote kuhusu chaguo za wengine, kwa hiyo chaguo zake zilichukuliwa kuwa kipimo cha ubora wa nyimbo. Washiriki wengine waligawanywa katika dunia nane zilizotenganishwa, na kila mmoja aliona ni mara ngapi kila wimbo ulikuwa umepakuliwa ndani ya dunia yake. Zote nane zilianza na nyimbo zile zile, zikiwa na sifuri kila mahali, kisha zikaachwa ziende zenyewe.

Zilienda njia tofauti. Nyimbo zilizokuwa bora zaidi hazikushindwa vibaya mara nyingi, na zilizokuwa mbovu zaidi hazikushinda mara nyingi, lakini kati ya hapo lolote liliwezekana. Wimbo mmoja uliokuwa wa 26 kwa ubora ulishika nafasi ya kwanza katika dunia moja na ya 40 katika nyingine. Tena kadiri idadi ya upakuaji ilivyoonyeshwa kwa mkazo zaidi, ndivyo pengo kati ya washindi na walioshindwa lilivyopanuka, na ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kutabiri nani angeshinda. Sioni namna ya kuusoma utafiti huu na kuendelea kuamini kwamba orodha ya makala kumi za juu asubuhi fulani ndiyo orodha ya makala kumi bora za asubuhi hiyo. Ni mojawapo ya orodha nyingi ambazo zingeweza kutokea.

Miaka saba baadaye Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walikwenda moja kwa moja kwenye tovuti ya habari za kijamii. Kwa muda wa miezi mitano walichukua maoni 101,281 yaliyoandikwa na watumiaji, na bila mpangilio wowote wakayapa baadhi kura moja ya kupandisha mara tu yalipoandikwa, mengine kura moja ya kushusha, na mengine wakayaacha. Kura hiyo moja ya bandia ilimfanya msomaji wa kwanza awe na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 32, wa kuongeza kura ya kupandisha, na mwishowe maoni yaliyopewa zawadi hiyo yalikuwa na alama za juu zaidi kwa wastani wa asilimia 25. Kilichonivutia mimi zaidi ni upande wa pili. Kura ya kushusha haikuwa na athari ya kudumu, kwa sababu wasomaji walijitokeza kuisahihisha. Umati, kwa hiyo, hutetea aliyeonewa na haumrudishi nyuma aliyependelewa. Pale ambapo upendeleo umeingia mwanzoni, hakuna anayeuona kuwa kosa la kurekebishwa.

Mpaka hapa nimelizungumzia neno ubora kana kwamba ni kitu kimoja, na sivyo. Paul Graham, mwanzilishi wa Hacker News, aliandika mwaka 2009 kwamba katika tovuti inayoongozwa na kura, viungo vilivyo rahisi kupimwa ndivyo vitakavyotawala, isipokuwa hatua mahususi zikichukuliwa kuzuia hilo. Hoja yake inashikamana moja kwa moja na hesabu ya muda iliyoelezwa hapo juu. Chukulia kwamba makala ndefu ya uchunguzi na picha ya kuchekesha zimewekwa kwa dakika ile ile, na watu 30 wamezifungua zote mbili. Picha huhitaji sekunde tatu kueleweka, kwa hiyo kabla ya dakika moja kuisha kila aliyeipenda amekwisha kupiga kura. Makala huhitaji dakika 25. Baadhi ya wasomaji wataihifadhi waisome jioni, baadhi wataishia katikati, na wale wachache watakaoimaliza watakuwa mbali na kitufe cha kura, ndani ya tovuti nyingine, huku umri wa chapisho ukiendelea kuhesabiwa. Hata kama wote 30 wangeithamini makala kuliko picha, picha ingeshinda. Mashine haipimi thamani ambayo msomaji amekipa kitu. Hupima thamani hiyo pamoja na kasi ya kuitambua, na haiwezi kuzitenganisha.

Kuna jambo linaloongeza uzito wa hoja hii: wapo wanaopiga kura bila kusoma kabisa. Mwaka 2017 Maria Glenski na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia mienendo ya watumiaji 309 wa Reddit kwa ridhaa yao, wakakuta kwamba asilimia 73 ya machapisho yaliyopigiwa kura yalipigiwa bila mpiga kura kuyafungua kwanza. Yaelekea waliopiga kura hivyo walipima kichwa cha habari, jina la tovuti ya chanzo, na idadi ya kura zilizokuwapo tayari. Kwa wengi wao kichwa cha habari ndicho chapisho lenyewe. Ndiyo maana mhariri mzoefu hutumia muda kwenye maneno kumi ya kichwa kama anaotumia kwenye aya kadhaa za ndani, na ndiyo maana pia tovuti hizi huvutia vichwa vya kulaghai. Kichwa kinachofanya kazi vizuri kwa muda mrefu ni kile kinachosema waziwazi makala ina nini, kiasi kwamba msomaji anayehusika anajitambua. Kichwa cha kutega huleta kura za haraka na maoni ya hasira, na kwenye Hacker News hasira yenyewe ni hasara, kwa kuwa mijadala ambayo maoni yake yanazidi kura huweza kushushwa na programu inayotafuta dalili za ugomvi.

Umati nao si mmoja. Reddit iliporuhusu watumiaji kuanzisha jumuiya zao wenyewe mwaka 2008, swali la ubora liligawanyika katika maelfu ya maswali madogo: bora kwa nani? Uchambuzi wa kina wa kanuni za takwimu unaweza kuzama kwenye jumuiya ya habari za jumla na kupanda hadi juu kabisa kwenye jumuiya ya wanatakwimu, ambako kura 40 zinatosha kushika nafasi ya kwanza siku nzima. Kila jumuiya ina sheria zake zilizoandikwa na mazoea yake yasiyoandikwa, na wasimamizi wanaojitolea kuzisimamia. Mazoea hayo hujengwa mapema. Waanzilishi wa Reddit wamesimulia hadharani kwamba siku za mwanzo waliijaza tovuti kwa viungo walivyoviweka wao wenyewe kwa akaunti za majina ya kubuni, ili mgeni akute watu na pia akute aina ya maudhui waliyoitaka. Hata tovuti isiyo na mhariri ilianza na wahariri waliojificha.

Pale ambapo kura chache za mwanzo zina thamani kubwa namna hii, lazima watokee wa kuzitengeneza. Vikundi vya marafiki wanaopigiana kura, akaunti nyingi za mtu mmoja, na huduma za kuuza kura ni tatizo la zamani kama tovuti zenyewe, na programu za kuzigundua zimekuwa sehemu ya kawaida ya mitambo yake. Digg ndiyo iliyoumia zaidi. Kundi dogo la watumiaji mashuhuri, waliofuatana na kuungana mkono, lilikuwa likileta sehemu kubwa ya habari zilizofika ukurasa wa mbele, na mwaka 2007 tovuti iliondoa orodha iliyowatangaza. Tatizo halikuisha. Toleo jipya la Agosti 2010 lilipowaruhusu wachapishaji wakubwa kuingiza makala zao moja kwa moja, na kukiondoa kitufe kilichowawezesha wasomaji kuzika habari mbaya, watumiaji waliasi kwa kuujaza ukurasa wa mbele viungo vinavyoelekeza Reddit. Wengi walihamia huko. Miaka miwili baadaye Digg iliuzwa ikiwa kivuli cha ilivyokuwa. Kwa maoni yangu, kilichowaudhi wasomaji kilikuwa kikubwa kuliko kubadilishwa kwa sura ya tovuti. Walikuwa wamepoteza uwezo wa kukataa.

Tovuti zilizodumu ni zile zilizokubali kwamba kura peke yake haitoshi. Kwenye maoni, Reddit ilianzisha mwaka 2009 mpangilio unaotumia mbinu ya mwanatakwimu Edwin Wilson ya mwaka 1927, ambayo huuliza: kutokana na kura chache tulizonazo, ni kiwango gani cha chini cha kukubalika ambacho tunaweza kukiamini? Tukitumia kiwango cha uhakika cha asilimia 95, maoni yenye kura moja tu, nayo ya kupandisha, hupewa takriban 0.21, ilhali yenye kura 90 za kupandisha kati ya 100 hupewa takriban 0.83, ingawa kwa asilimia tupu ya kwanza yangeonekana kuwa kamili. Mbinu hiyo haijali umri. Maoni mazuri yaliyochelewa yanaweza kuyapita ya mapema, mradi yapate wasomaji wa kutosha. Zipo jumuiya zinazoficha idadi ya kura kwa saa za mwanzo ili kila mtu apime kwa macho yake, na kwa kuzingatia utafiti wa Muchnik na wenzake, naona hiyo ni mojawapo ya hatua zenye mantiki zaidi kati ya zote.

Hacker News ilikwenda mbali zaidi, ikarudisha mkono wa binadamu. Wasimamizi wake, pamoja na wasomaji wachache wanaowasaidia, hupitia machapisho yaliyozama bila kuonekana, huyachagua yale wanayoona yalistahili zaidi, na kuyaweka kwenye akiba ambayo programu huyachomoa humo na kuyarusha sehemu ya chini ya ukurasa wa mbele. Hayapewi ushindi. Hupewa dakika chache mbele ya macho ya watu, na wasipoyapenda huzama tena. Ni uhariri mdogo unaofanywa mahali pale hasa ambapo hesabu ni dhaifu.

Kwa anayeandika, haya yote yanabadilisha namna ya kupima matokeo. Chapisho lililopata kura mbili halijahukumiwa kuwa baya; kwa kawaida halijasomwa na mtu yeyote. Kuwaomba marafiki wapige kura huonekana kama suluhisho, lakini ndicho kitendo ambacho mitambo imejengwa kukinasa, na adhabu yake huweza kulifunika chapisho ambalo lingejiweza. Kinachosaidia ni cha kawaida zaidi: kichwa kinachotaja jambo lenyewe, kiungo kinachokwenda kwenye chanzo cha asili, aya ya kwanza inayomwonyesha msomaji mwenye haraka kwamba kuna kitu cha kujifunza, jumuiya ndogo inayolijali somo hilo, na mwandishi kuwapo kwenye maoni kujibu maswali saa hiyo ya kwanza, kwani mjadala wenye majibu ya mwenye kazi huwapa wanaopita sababu ya kufungua. Kisha kuna kurudia. Jumuiya nyingi hulichukia chapisho la mara ya pili, lakini kanuni za Hacker News huruhusu kiungo ambacho hakijapata usikivu wa maana kwa takriban mwaka mmoja uliopita kirudishwe mara chache, na takwimu za Gilbert zinaonyesha kwa nini ruhusa hiyo ni ya haki: wanaokuwapo kwenye ukurasa wa mapya Jumanne asubuhi si wale waliokuwapo Ijumaa usiku, na kiungo kile kile hukutana na kundi jipya la wapiga kura watano au sita.